Diwani anasema maisha yamepanda Kigoma kwa sababu tumeharibu ziwa na milima. Wadau mnasemaje?

#1 Mwisho_wa_Reli (mleta mada)
Wakuu, habari za jioni.

Jana nilikuwa kwenye mkutano wa hadhara wa diwani wetu, kata mojawapo ya huku mwambao. Jina naliacha, maana mada si mtu. Watu walikwenda kulalamikia bei: dagaa, mkaa, unga, nauli za pikipiki. Nilidhani atawatupia lawama wafanyabiashara au wizara, tumalize twende nyumbani. Hakufanya hivyo. Alisema ugumu wa maisha wa hapa Kigoma mizizi yake ni mazingira. Dagaa wamepanda kwa sababu tumewavua bila kuwapumzisha, mkaa umepanda kwa sababu miti imeisha jirani na sasa unafuatwa mbali, na udongo wa milimani kila mvua ikinyesha unaishia ziwani. Kwa hiyo anaunga mkono ziwa lifungwe kila mwaka kama lilivyofungwa 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, na mwenye uwezo aanze kupikia gesi.

Mama mmoja karibu yangu, beseni tupu mapajani, akasimama: "Hiyo miezi mitatu watoto wangu wanakula nini?" Diwani akajibu kwamba ni maumivu ya muda. Mama akakaa, akaligeuza beseni kifudifudi, hakusema tena.

Jibu lile halikuniridhisha, lakini hoja ya diwani nayo siwezi kuitupa. Je, ni kweli bei zetu zinatokana na uharibifu wa mazingira, au kuna kitu kingine?

#2 Baharia_Kibirizi
Mimi ni mvuvi, mwaka wa kumi na moja huu niko majini. Diwani kasema kweli nusu.

Kweli ni kwamba samaki wamepungua. Nilipoanza tulikuwa tunatega karibu, unaona kabisa taa za mjini. Leo tunakwenda mpaka taa za mji zinapotea, tunawasha zetu, tunasubiri, tunavuta wavu saa sita, tunavuta saa tisa, alfajiri unarudi na dagaa wa kufunika sakafu ya mtumbwi tu. Petroli imeshaondoka. Huyo dagaa mchache ndiye anayebeba gharama ya safari nzima, na bei ya mwaloni, pale tunaposhusha samaki, inaanzia hapo.

Nusu aliyoiacha ni sisi tunaovua. Baharia hana mshahara. Tukirudi, inatolewa kwanza gharama ya mafuta na chakula, halafu tajiri mwenye chombo anachukua fungu lake na la chombo, kinachobaki ndiyo tunagawana. Ziwa likifungwa tajiri ana duka na ana nyumba za kupangisha. Mimi nina deni.

#3 Kijana_wa_Buhigwe
Nipo hapa nafuatilia. Mwakeye wote.

#4 Mama_Katonga
Mleta mada asante. Mimi nakausha na kuuza dagaa, nitasema ninachokijua kwa mikono yangu.

Dagaa mbichi ukimwanika anapungua sana uzito, kilo nne mbichi zinakupa kama kilo moja kavu, na hapo jua liwe limewaka vizuri. Mvua ikinyesha mchana ule uliomwanika, anageuka rangi, anatoa harufu, bei inaanguka nusu. Kwa hiyo bei ya dagaa mkavu ina jua ndani yake, ina kichanja, ina mtoto wa kufukuza kunguru, ina chumvi. Watu wa mjini wanaona kopo tu.

Mwaka 2024 nilipata taarifa mapema nikaweka akiba ya magunia mawili. Mwezi wa kwanza wa kufungwa nilishukuru Mungu maana bei ilipanda na mimi nilikuwa na mzigo. Mwezi wa pili mzigo uliisha. Mwezi wa tatu nilikuwa nauza mihogo ya kuchemsha barabarani, na dagaa wa kula nyumbani nilimnunua kwa jirani kwa bei ambayo mimi mwenyewe sijawahi kumuuzia mtu.

#5 Nguvu_Moja
Ziwa lenye kina kama lile linaishaje samaki? Tuache kutishana. Ziwa la pili kwa kina duniani hili! Wanafunga kwa maslahi yao.

#6 Mwl_Kasulu
#5, kina ni kweli, mita 1,470, linatanguliwa na Baikal la Urusi peke yake. Lakini samaki hawaishi kwenye kina chote hicho. Hewa ya oksijeni inaishia juu, kwetu huku kaskazini ni kama mita mia moja hivi, kusini inafika kama mia mbili. Chini ya hapo ni maji yasiyo na hewa, dagaa hawezi kuishi. Ni sawa na kuwa na ghala la ghorofa nyingi ambalo unaweza kutumia ghorofa ya juu tu.

Na hapa ndipo diwani anapokosea kidogo. Anasema tumevua mno. Kuna watafiti waliochapisha kazi yao mwaka 2003 katika jarida la Nature kuhusu ziwa letu hili hili. Walieleza kwamba maji ya juu yamepata joto na upepo umepungua nguvu, kwa hiyo maji ya juu hayachanganyiki na ya chini kama zamani. Rutuba iko chini, na isipopanda mwani haukui, mdudu mdogo anayekula mwani anapungua, na dagaa anayemla mdudu huyo anapungua. Walikadiria chakula hicho cha chini kabisa kimepungua kama asilimia 20, na kwamba samaki wanaweza kuwa wamepungua kama asilimia 30. Hayo hayatibiwi kwa kufunga ziwa miezi mitatu. Joto halijui likizo.

#7 Baharia_Kibirizi
Mwalimu hapo nimekuelewa, maana wazee wetu wanasema hivyo hivyo kwa maneno mengine. Kusi, upepo wa kusini, ikivuma vizuri, baada yake dagaa wanapanda. Kusi ikiwa dhaifu mwaka huo mnalia njaa. Na ile miezi ya kufunga ndiyo miezi ya kusi yenyewe. Siku nyingi za Juni na Julai hata bila katazo hatutoki, mawimbi yanakataa.

#8 Mzee_wa_Ujiji
Vijana nawasoma. Nilizaliwa Ujiji, nimekulia Ujiji.

Mimi nimeona karabai. Mtumbwi mmoja una karabai mbili tatu za mafuta ya taa, unaona zinatikisika kwa mbali, usiku wa giza ziwa zima kama mji. Mbalamwezi ikitoka watu wanapumzika, wanashona nyavu, dagaa hawafuati taa kukiwa na mwezi. Hiyo ilikuwa likizo ya ziwa kila mwezi, Mungu aliipanga mwenyewe, haikuhitaji tangazo. Leo kuna taa za sola na za betri zinazopiga mbali, kuna jenereta. Mtu anatafuta samaki hata mwezi ukiwa nusu. Mwalimu anasema joto, sawa, simpingi msomi. Lakini asiniambie kwamba taa hizi hazina lake.

Halafu makokoro, zile nyavu za kukokota. Kokoro limekatazwa miaka mingi na bado linavutwa kwenye ufukwe alfajiri, linakomba mpaka mayai. Kila mtu anajua linavutwa na nani.

#9 Nguvu_Moja
Haya Mwalimu, la kina nimekubali, sikujua hilo la hewa. Lakini bado nauliza: kwa nini tufunge sisi peke yetu wakati Kongo na Burundi wanavua? Tunawahifadhia wao samaki!

#10 Afisa_Mstaafu
#9, hapo kuna makosa, naomba nisahihishe kwa heshima. Ziwa ni la nchi nne. Kongo wana sehemu kubwa, kama asilimia 45, sisi 41, Burundi 8, Zambia 6. Nchi hizo zilitia saini mkataba wa kulisimamia kwa pamoja mwaka 2003 hapo Dar es Salaam, na kutokana nao kuna Mamlaka ya Ziwa Tanganyika, makao yake Bujumbura. Suala la kupumzisha ziwa lilikubaliwa na nchi zote nne, halikuwa wazo la mtu mmoja Dodoma.

Utekelezaji ndiyo mada nyingine, hapo sibishi na mtu.

#11 Kijana_wa_Buhigwe
Nilikuwa Kigoma mjini Julai ile. Usiku mmoja nilisimama juu kule Mwanga nikaona taa ziwani, nyingi tu, upande wa magharibi. Sasa hizo zilikuwa za akina nani kama ziwa limefungwa?

#12 Baharia_Kibirizi
Dogo, ukiwa nchi kavu huwezi kujua taa ni ya nani. Ziwa upana wake wa kawaida kama kilomita 50. Taa inaweza kuwa ya Mkongo, inaweza kuwa ya boti ya mizigo, inaweza kuwa ya jirani yangu aliyeshindwa kuvumilia. Mimi sikutoka, lakini simlaumu aliyetoka akiwa na mtoto mgonjwa.

#13 Msafirishaji_wa_Mzigo
Wakuu mmeongea ziwa sana mkasahau soko. Mimi napeleka dagaa Dar, na nina wenzangu wanaopeleka Burundi na Kongo. Dagaa wa Kigoma anasifika kila mahali, na wanaomtaka wana fedha kuliko sisi. Mnunuzi anafika mwaloni alfajiri na fedha mkononi, anakomba beseni zote, mama wa Mwanga anayetaka bakuli moja la mboga anakuta soko limeshafungwa. Hata ziwa likijaa samaki mpaka pomoni, bei ya hapa itafuata bei ya Dar na ya ng'ambo.

Ongeza na umbali. Reli mpaka Dar ni zaidi ya kilomita 1,200. Petroli inapakuliwa pwani, inasafirishwa mpaka huku, ndiyo maana kila EWURA ikitangaza bei za mwezi, lita ya Kigoma iko juu kuliko ya Dar. Petroli hiyo inaingia kwenye mtumbwi, kwenye pikipiki ya mkaa, kwenye lori la unga. Mimi naona diwani angeanzia hapo.

#14 Mama_Katonga
Kaka Msafirishaji, ninyi ndio mnaokuja na fedha mkononi alfajiri 😀 Mwezi uliopita nilikosa mzigo kwa sababu yako au ya mwenzio.

Lakini nakubali. Ninapouza kwa mtu wa Dar ndipo napata ada ya shule. Nikiuza bakuli bakuli mtaani napata hela ya kula siku ile. Nahitaji vyote viwili.

#15 Mzambia_wa_Kasanga
Naingia kidogo tu. Mnajua kapenta wa ziwa Kariba, wanaoliwa Zambia na Zimbabwe yote, walitoka kwetu? Walichukuliwa ziwa Tanganyika miaka ya 1960 wakapandikizwa kule. Ni lumbu, ndugu yake dagaa.

#16 Mzee_wa_Ujiji
#15, na Kivu vile vile walipelekwa, kabla ya Kariba. Kwa hiyo tunalisha watu mpaka wasiotujua. Ujiji tumeanza zamani.

#17 Kijana_wa_Buhigwe
Mzee ukianza Ujiji hutamaliza, usiku utatukuta Livingstone na Stanley 1871 😂 Turudi kwenye mada.

#18 Mzee_wa_Ujiji
Wewe Muha kula mihogo yako utulie, mjukuu wangu. Nitakuja Buhigwe nikutafute.

#19 MamaLishe_Mwanga
Naomba niongelee mkaa maana hamjagusa, na mimi mkaa ndio unaoninyonga.

Nauza chakula: ugali, maharage, samaki migebuka wakipatikana, mawese kidogo. Majiko yangu matatu. Zamani mkaa ulikuwa unakuja kutoka karibu, Kidahwe na pembeni yake. Sasa kijana anautoa ndani kule Uvinza, viroba vitatu nyuma ya pikipiki, anafika saa kumi na moja asubuhi mavumbi mpaka kwenye kope. Siwezi kumlaumu kwa bei anayotaja. Sado moja, kopo la kupimia, kwangu ni 2,500 na haimalizi siku.

Nilijaribu gesi. Mtungi wa kilo 6, kuujaza 25,000. Wali na mboga sawa, ni nzuri, haichafui sufuria, macho hayawashi. Maharage ndiyo yaliyonishinda. Maharage yanachemka saa mbili zaidi, mtungi uliisha siku ya nne. Siku ya tano nilirudi kwenye mkaa asubuhi asubuhi, maana wateja hawangojei. Na mkaa nanunua wa 2,500 leo, wa 2,500 kesho. Gesi inataka 25,000 kwa mara moja. Mtu wa fedha ya kila siku hawezi kuzikusanya hizo. Diwani anaposema mwenye uwezo atumie gesi, ajue tatizo langu ni namna ya kulipia, gesi yenyewe naipenda.

#20 Afisa_Mstaafu
Dada, maelezo yako ni mazuri kuliko semina. Niongeze tu kwamba serikali ilizindua mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia Mei 2024, lengo asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo 2034. Na taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 ziliambiwa ziache kuni na mkaa kufikia mwisho wa Januari 2024. Kwa mama lishe hakuna katazo, ni hamasa.

#21 MamaLishe_Mwanga
Asante baba. Basi hamasa hiyo ije na mtungi wa kulipia kidogo kidogo. Maharage loweka usiku, najua mtaniambia, naloweka. Bado.

#22 Mkulima_Luiche
Mimi nalima mpunga bonde la Luiche. Hili la udongo ambalo diwani kaligusa mwishoni ndilo angepaswa kuanza nalo.

Mvua kubwa ikinyesha juu, mto unashuka mwekundu kama chai ya maziwa. Nikichota kwenye ndoo nikaiacha usiku, asubuhi kuna tope la vidole viwili chini. Tope hilo linajaa kwenye majaruba yangu, na linalopita linaingia ziwani, linafunika mawe ya ufukweni ambako samaki wa mawe wanataga. Wenzetu wa vijiji vya jirani na hifadhi ya Gombe waliliona hilo mapema, mradi wa TACARE ulianza tangu 1994 kupanda miti na kulima kwa kufuata mteremko. Milima mingine imebaki kipara, michikichi michache na mihogo mpaka kileleni.

#23 Nguvu_Moja
Milima ya huko juu iliisha kwa sababu ya kambi za wakimbizi. Semeni ukweli.

#24 Mwl_Kasulu
#23, mimi naishi Kasulu, kambi ya Nyarugusu ipo tangu 1996. Ni kweli kuni karibu na kambi zilikwisha, watu wengi wanapika na kuni ndiyo nishati waliyonayo. Lakini Luiche haianzii Nyarugusu. Na mkaa anaopikia dada wa Mwanga haukuchomwa na mkimbizi, umechomwa na mwenyeji aliyekosa ada. Tusipate mtu wa kumbebesha kila kitu.

#25 Mkulima_Luiche
Naunga mkono. Halafu tope si dagaa, tuwe waangalifu. Dagaa anaishi maji ya katikati, hatagi kwenye mawe. Tope linaua samaki wa kando. Mwalimu kaleta joto, mzee kaleta taa na makokoro, mimi naleta tope, na yanaweza kuwa samaki tofauti kabisa wanaoumia.

#26 Baharia_Kibirizi
Na maji kupanda je? 2020 na 2021 maji yalipanda yakaingia kwenye nyumba na mabanda ya mwaloni, vichanja vikazama. Tulihamisha kila kitu. Hilo nalo ni gharama na hakuna aliyelitaja.

#27 Binti_Mhasibu
Nimesoma yote. Hakuna aliyetaja ushuru. Kaka yangu ana mtumbwi. Leseni ya chombo, leseni ya mvuvi, ushuru wa mwaloni, ushuru wa mazao, na kila kimoja kina mashine yake na karatasi yake. Mzigo ule ule ukipita sehemu mbili unadaiwa mara mbili, aliwahi kulipa hivyo, halmashauri fulani ikasema ni kwa sababu stakabadhi ya kwanza haikuwa ya kwao. Diwani anakaa kwenye baraza linalopitisha ushuru huo. Kama anajali bei ya dagaa, kuna kitu kilicho mikononi mwake leo, bila kungoja kusi wala nchi nne.

Na swali langu kwake: wakati ziwa limefungwa, leseni ya mwaka mzima inapunguzwa miezi mitatu?

#28 Mama_Katonga
Binti umeuliza swali ambalo sote tulipaswa kuuliza mkutanoni. Sisi tunasimama kuuliza njaa, hatuulizi leseni.

#29 Msafirishaji_wa_Mzigo
Baharia, ziwa lilipofunguliwa Agosti 2024 ulipata nini? Maana hapo ndipo tungejua kama kufunga kunasaidia.

#30 Baharia_Kibirizi
Siku za kwanza tulipata sana, sitaficha. Usiku wa pili tulijaza mpaka tukawa tunatoa maji chomboni kwa hofu. Dagaa wakubwa, migebuka imenona. Bei mwaloni ilishuka wiki hiyo. Lakini kila mtu alitoka siku moja, vyombo vyote, na deni la miezi mitatu mgongoni, watu wanavua kama wanagombana. Baada ya mwezi na nusu nilikuwa nimerudi kwenye ile sakafu ya mtumbwi niliyosema hapo #2.

Sasa ni kufunga kulikosaidia, au ni kusi ya mwaka ule ilikuwa nzuri? Mimi sijui kutofautisha.

#31 Mwl_Kasulu
Mwaka mmoja hautoshi kutofautisha. Inataka mizani iwekwe mwaloni kila siku, mwaka kwa mwaka, na namba ziwe wazi kwa wavuvi pia.

#32 Mzee_wa_Ujiji
Na taa zipunguzwe. Sijamaliza hoja yangu ya taa.

#33 Mwisho_wa_Reli (mleta mada)
Asanteni sana. Nilikuja na swali moja, sasa ninayo saba. Mkutano wa kata mwingine umetangazwa Jumamosi ya wiki ijayo. Nitasimama niulize la Binti Mhasibu kuhusu leseni, na la MamaLishe kuhusu kulipia gesi kidogo kidogo. Mwenye stakabadhi za ushuru za mwaka 2024, hasa za ile miezi ya kufungwa, aniazime. Kabla ya hapo nitakuwa Kibirizi kila jioni, pale chini ya mwembe.

#34 Baharia_Kibirizi
Mimi sitakuwepo mkuu, giza linaanza Alhamisi na tajiri ameshaita. Zangu ziko kwa mke wangu, kwenye kopo la maziwa juu ya kabati. Zile karatasi za mashine wino unafutika, nyingine zimeshakuwa nyeupe. Zipige picha kwanza kabla hujazibeba kwenye jua.